Kuinua au Kuimarisha? Uhakiki wa Istilahi za Springi za Magari ya Zamani

Miongoni mwa kazi zilizofikishwa mbele yetu ili zitolewe maoni imo orodha moja ya istilahi za magari ya nchi ngumu, pamoja na kijitabu cha maelekezo kilichotungwa kwa kuzitumia istilahi hizo. Hatumtaji mtungaji wala ofisi iliyompa kazi, kwani kusudi letu ni kuyapima maneno na siyo kumpima mtu. Sura tuliyoichagua inahusu namna ya kulitengeneza gari la zamani upande wa chini, kwenye springi na viungo vyake, ili libebe vizuri zaidi na kutulia njiani, ilhali kimo chake kikibaki kilekile. Jambo hili laonekana dogo. Lakini katika sura hiyo mna sentensi moja ambayo tuliikuta imekwisha kufanya kazi yake kabla sisi hatujapata nafasi ya kuihakiki, na kazi yenyewe haikuwa njema.

Sentensi hiyo yasema hivi: “Inueni mning’inio wa gari la zamani bila kuongeza urefu wake.”

Tuliikuta Usinge. Kwa msomaji asiyepafahamu, Usinge ni kituo cha Reli ya Kati magharibi ya Tabora, katika Wilaya ya Kaliua, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Urambo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake misafara ya pembe na nguo ilikuwa ikizikata nchi hizi kwa miguu baina ya Tabora na Ujiji, ikivuka Mto Malagarasi. Leo treni bado hupita, lakini mtu anayetaka kutoka stesheni kwenda vijijini kwenye miyombo, kuchukua tumbaku au asali au mgonjwa, hana budi kutegemea pikipiki, baiskeli, au gari lisiloogopa tope. Mvua za huko huanza karibu na Novemba, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa haumheshimu mtu.

Mzee mmoja wa hapo ana Land Rover ya fremu ndefu, katika toleo la tatu, lile lililoanza kuundwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Gari hilo lilikuwa limelala upande mmoja kwa uchovu wa springi. Kijitabu kile kilimfikia kwa mkono wa jamaa yake, naye akampelekea fundi wake, makanika wa miaka mingi asomaye Kiswahili bila taabu. Fundi akasoma, akatii. Aliambiwa ainue, naye akainua: akaongeza mabapa mawili katika kila springi na kutia viungo virefu zaidi kwenye ncha zake, hata gari likapanda kadiri ya vidole vinne. Aliambiwa asiongeze urefu, naye hakuongeza; fremu aliiacha ilivyo, kwa kuwa kwake urefu wa gari ni kutoka bampa hadi bampa. Msimu wa mvua uliofuata gari lile, likiwa na magunia ya mahindi na watu watatu juu ya magunia, lilitia gurudumu katika mfereji wa kando ya njia, likalala ubavu. Mmoja wa watu wale alivunjika mtulinga.

Tulipomuuliza fundi alitujibu kwa utulivu: “Wanangu, mimi sikubuni kitu. Karatasi imesema inua. Kama haikutaka inuliwe, ingesema.”

Hatusemi kwamba kijitabu ndicho kilichochimba mfereji. Gari lililosimama kwa kimo chake cha asili nalo lingeweza kuanguka kwa mzigo wa juu namna ile. Lakini kila kidole gari linachopanda hupandisha pia kitovu cha uzito wake, na upana wa baina ya magurudumu haubadiliki. Kwa hiyo mteremko ambao jana lilikuwa likiupita kwa salama leo hulishinda. Zaidi ya hayo, propela shafti hukaa kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa na viungo vyake huliwa upesi, mipira ya breki huvutika, na usukani huanza kutangatanga. Mambo yote haya mwandishi wa asili, kwa lugha yake, alikuwa akiyakataza. Kiswahili kikayaamuru.

Tuanze na kitenzi. Katika Kiswahili cha sasa kuinua kuna maana mbili zinazoishi nyumba moja bila ugomvi. Twainua mzigo, na twainua kiwango cha elimu. Msikilizaji wa hotuba hakosei, kwa sababu elimu haina jeki. Lakini neno likitoka jukwaani likaingia gereji, maana ya kwanza huifukuza ya pili mara moja, maana hapo kila kitu chaweza kuinuliwa kweli. Mtungaji wa orodha alikutana na neno la kigeni lenye maana ya kukipandisha kitu daraja, akachukua kitenzi kilichomjia kwanza. Kosa hili si lake peke yake. Sisi sote tuliozoea nyaraka tumekwisha kuvichosha vitenzi vichache, kuinua, kukuza, kuendeleza, kuboresha, hata havibebi tena kitu cha kushikika.

Wako watakaosema tatizo litaondoka tukiandika kuboresha. Hatuafiki. Kuboresha springi ni kuifanyaje? Mwenye kubeba tumbaku ataka springi ngumu. Mwenye kubeba mjamzito ataka springi laini. Mwenye gari lililonepa ataka springi irudi ilivyokuwa. Hizo ni kazi tatu mbalimbali, zenye vipuri mbalimbali na bei mbalimbali, na fundi akiambiwa “boresha” atauliza maswali yaleyale ambayo karatasi ilipaswa kumjibu. Pendekezo letu ni kuyatenga: kuimarisha, kulainisha, kurejesha, na kuinua kuachiwe kazi yake ya asili ya kupeleka kitu juu.

Neno la pili ni urefu. Twajua sote kwamba Kiswahili hutumia urefu kwa mti uliosimama na kwa kamba iliyolala. Kwa mti na kamba hakuna hasara. Kwa gari, ambalo lina pande zote tatu na kila upande una kipimo chake kiwandani, hasara ipo. Neno kimo li hai, na kila mama anayempima mtoto ukutani analijua. Kwa nini likaachwa? Pengine kwa sababu kimo limezoeleka kwa watu zaidi kuliko vitu, na mtungaji akaona aibu kulipa gari sifa ya mtu. Aibu hiyo haikumzuia kulitia gari pingu, kama tutakavyoona.

Hata kimo chenyewe chahitaji kugawanywa, na hapa orodha haina lolote. Kuna kimo cha gari zima, kutoka ardhini hadi paa. Kuna kimo cha bodi juu ya ekseli, ambacho ndicho springi hukiamua. Na kuna uwazi wa chini, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na kile kinachoning’inia chini kuliko vyote. Katika magari haya ya ekseli nzima kitu hicho ni kibumba cha difu. Sasa difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu, haikushikwa na springi. Ukiongeza mabapa hata ishirini, bodi itapanda mawinguni na difu itabaki palepale, ikikwaruza kisiki kilekile. Kinachoiinua difu ni tairi kubwa tu. Tulipoieleza habari hii Usinge, mwenye gari alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini basi vijana wa mjini huyainua yao. Hatukuwa na jibu la kiistilahi.

Sasa tufike kwenye neno lililotukalia moyoni, mning’inio. Ndilo orodha ililoliteua kwa ule mfumo wote wa springi, shokapu na viungo, ambao mafundi wengi huuita sasipensheni. Asili ya jina la kigeni yafahamika. Magari ya farasi ya Ulaya, kwa muda mrefu, bodi zake zilikuwa zikining’inizwa kwa mikanda ya ngozi kutoka kwenye nguzo za fremu. Abiria alikuwa akining’inia kweli. Mikanda ikaondoka, springi za chuma zikaja, jina likabaki. Wenyewe hawadhuriki, kwani kwao neno limekwisha kuwa jina tu. Lakini sisi tunaotafsiri leo twafasiri mikanda ya ngozi iliyooza zamani, kisha twampa fundi wa Usinge picha ya gari lililotundikwa kama nyama buchani. Yeye mwenyewe alipolisikia neno alisema: “Gari halining’inii. Linaketi.”

Kanuni zetu za kuunda istilahi zasema tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, ndipo tuende mbali. Basi tuanze nyumbani. Je, Kiswahili hakikuwahi kukifahamu kitu kinachobeba uzito huku kikicheza? Kilikifahamu mno, na katika njia hii hii ya Tabora na Ujiji. Mpagazi wa msafara alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mizigo mingine ilikaa begani moja kwa moja, lakini masango ya waya yalifungwa kwenye ncha mbili za mti, na mti ukawekwa begani. Mzigo wa namna hiyo ni mzega. Mgonjwa naye alitiwa katika machela, na machela yakafungwa kwenye mpiko. Mti mkavu usiokubali kupinda huvunja bega, kwa sababu kila hatua yarudi mwilini kama nyundo. Mti mbichi, au mwanzi, hushuka na kupanda kwa mwendo wa mchukuzi, na bega hupumzika. Kushuka huko kwa uzito ni kunepa. Kucheza huko juu na chini ni kunesa.

Nepa na nesa ni vitenzi vya Kiswahili vya siku zote. Kitanda cha kamba hunesa, dari mbovu hunepa. Tukiviundia nomino kwa kanuni ya kawaida twapata mnepo na mneso. Twapendekeza mneso liwe jina la mfumo mzima, na mnepo liwe kile kipimo cha springi inavyoshuka inapobebeshwa uzito.

Faida ya kuwa na maneno mawili yaonekana tukilihesabu lile jambo lililomtatiza mtungaji. Tuchukue mfano. Springi moja yabeba kilo 400 za uzito wa gari tupu, na kila kilo 40 huinepesha sentimeta 1. Mnepo wake basi ni sentimeta 10. Tuiondoe, tutie springi ngumu zaidi, ambayo hunepa sentimeta 1 kwa kila kilo 50. Kwa uzito uleule mnepo wake ni sentimeta 8. Kama springi hizi mbili zina upinde uleule zikiwa juu ya meza, gari limekwisha kuinuka sentimeta 2, na fundi hakukusudia. Hapa ndipo ilipo siri ya kuimarisha mneso bila kuinua gari: springi mpya yapaswa iwe na upinde mdogo kuliko ile ya kwanza, kwa sentimeta 2 zilezile. Gari tupu litakaa kwenye kimo chake cha zamani. Likipakiwa kilo 200 zaidi juu ya springi hiyo, ile ya kwanza ingenepa sentimeta 5, hii itanepa 4. Hayo ndiyo maimarisho yenyewe, nayo hayaonekani kwa macho gari likiwa limesimama uani. Mwenye gari asiyeelezwa hili atadhani ameibiwa.

Ugumu wa springi orodha imeuita “nguvu”. Neno hili halifai, kwa kuwa springi nguvu ni ile isiyovunjika, na springi yaweza kuwa ngumu ikavunjika upesi. Tulifikiria ukakamavu, kutoka kukakamaa. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kwenda jeshini na haliwezi kurudi bila magwanda yake. Ugumu, bila mapambo, latosha.

Kuhusu springi zenyewe mtungaji ameandika “springi za majani”. Twaelewa lilikotoka. Fundi alilirudia mara mbili kwa sauti, kisha akauliza kama ni majani ya chai. Sisi tulikuwa na mapenzi na neno ukoa, ambalo kwa wazee wa Pwani ni utepe mwembamba wa madini, na wingi wake koa. Tukalitaja kwa fahari. Akatukumbusha kuwa koa ni yule konokono asiye na nyumba. Basi tukaliacha, na kukubali bapa, mabapa, ambalo halina fahari lakini halitambai. Zile nyingine, za chuma kilichojizungusha, ambazo Range Rover ilizitumia tangu mwaka 1970 na Land Rover yenyewe ikazipokea mwaka 1983, mafundi huziita koili, na hatuoni sababu ya kuwanyang’anya.

Aina moja ya springi za mabapa orodha haikuitaja kabisa, nayo ndiyo inayohusika sana na magari ya umri huu. Ni zile ziitwazo za parabola. Badala ya mabapa mengi yaliyolaliana na kusuguana urefu wote, huwa na mawili au matatu tu, kila moja nene katikati na jembamba kuelekea ncha, yasiyogusana ila katikati na mwishoni. Msuguano hupungua, na gari hupita juu ya mawe kwa upole. Lakini msuguano ule wa zamani, kwa ubaya wake wote, ulikuwa ukisaidia kuuzima mneso; ukiuondoa, shokapu zapata kazi kubwa zaidi na hazina budi kuwa nzima. Vilevile baadhi ya springi hizo hutengenezwa na upinde wa kuliinua gari, na nyingine kwa kimo cha asili. Muuzaji asipoulizwa kwa neno sahihi atatoa iliyo karibu na mkono wake.

Na hiyo shokapu orodha yaiita “kizuiamshtuko”. Hapa tena tumefasiri kosa la wenyewe. Mshtuko wa shimo hupokewa na tairi na springi. Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kunesa baada ya shimo kupita, na huifanya kwa kuyasukuma mafuta katika matundu madogo hata mwendo ukageuka joto. Atakayetutaka jina la Kiswahili tutampa kitulizamneso. Ila hatutalipigania, kwa sababu shokapu yaeleweka kuanzia Gerezani hadi Kigoma, na jina linaloeleweka kwa kosa la sauti ni afadhali kuliko jina lisiloeleweka kwa kosa la maana. Tunachokataa ni kizuiamshtuko, maana tayari tumewakuta wenye magari wanaonunua shokapu mpya wakitumaini zitalinyanyua gari lililonepa. Hazitalinyanyua.

Kuhusu kulirejesha gari lililonepa, orodha yanyamaza, na kijitabu chapita haraka. Hii ni kasoro, kwani aghalabu gari la zamani halihitaji kingine. Springi iliyochoka hupoteza upinde. Springi mpya ya kipimo cha kiwandani hurudisha kimo, na mtazamaji hudhani gari limeinuliwa, kumbe limerejeshwa. Wako pia wahunzi wanaoukunja upya upinde wa bapa kwa moto na nyundo. Bapa likikunjwa kwa moto bila kuzimwa na kurudishiwa ugumu wake kwa kanuni hunyooka tena baada ya safari chache, au hukatika. Na kabla ya yote hayo, mtu aangalie bushi. Bushi zilizoliwa hufanya gari ligonge na kuyumba hata springi zikiwa mpya, na bei yake ni ndogo kuliko vyote tulivyovitaja.

Tulipokuwa tukiondoka tulimwachia fundi sentensi tuliyoiandika upya: “Imarisha mneso wa gari bila kuinua kimo chake: tia springi ngumu zaidi yenye upinde mdogo zaidi, badilisha bushi, na hakikisha shokapu ni nzima.” Akaisoma hadi mwisho. Akasema “kadiri gani?” kwa habari ya upinde, nasi tukaona kwamba swali hilo sasa ni la hesabu na si la lugha. Mabapa yale mawili ya ziada alikuwa amekwisha kuyatoa mwenyewe, siku gari liliporudishwa kwenye magurudumu yake.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipatia dawa. Ncha moja ya springi hufungwa kwenye fremu kwa kiungo kifupi kinachochezacheza, ili springi inaponepa na kurefuka ipate nafasi. Orodha imekiita “pingu”, kwa kuwa jina lake la kigeni lilikuwa la minyororo ya wafungwa. Fundi aliuliza gari limekosa nini. Mafundi husema shakeli. Miongoni mwetu wako wanaopendelea bembea, kwa sababu kiungo hicho kwa kweli hubembea mbele na nyuma. Na wako wanaohofia kwamba bembea ni la watoto na halitaheshimiwa gerejini. Wasomaji walio na neno litumikalo kwao, hasa katika gereji za Kigoma, Mpanda na Shinyanga, watuletee kabla orodha haijafikishwa mbele ya kamati.